Siku Mama Pulchérie Alipochagua Jiwe

Kwaya ya Mama Pulchérie ilikuwa imegawanyika katikati, na kwa mara ya kwanza ugomvi haukuwa juu ya rangi ya vitenge vya sare.

Kila mwaka baada ya Pasaka, wanakwaya hawa wa Baraka, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, hutoka kutembea milimani siku nzima. Safari hii vijana walitaka maporomoko ya maji, wakaoge na kupiga picha. Watu wazima walitaka kilele cha mawe, kwa kuwa kwao sala ikianzia juu haichelewi njiani. Mikono iliponyoshwa pande zikalingana, na wote wakamgeukia rais wao, Mama Pulchérie, aamue.

Mama Pulchérie huuza ndagala, dagaa wa Tanganyika, katika soko la Baraka, na sauti yake hakuna mnunuzi aliyewahi kuishinda. Alizaliwa Swima, akafiwa na mume mapema, akamlea binti yake Divine kwa samaki na nyimbo. Si mtu wa kusitasita hata kidogo. Siku ile alisita.

Aliyemtia hofu alikuwa ameketi benchi la nyuma akikaza nyuzi za gitaa: Wilfried, mume wa Divine. Kijana huyo alikulia Kilembwe, akazizoea njia za milimani kwa kubeba bidhaa, na ndiye angewaongoza popote watakapokwenda. Naye alikuwa buko wake, yaani mkwe, na walivyolelewa wote wawili buko huheshimiwa kwa mbali. Hamshikani mikono wala hamli sahani moja. Hamtazamani usoni, na mama mkwe halitamki jina la mume wa bintiye. Akiwa na neno, anamtuma mtu. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Anayevunja mwiko huo hutoa mbuzi, na mbuzi si kitu. Aibu ndiyo haichinjiki.

Sasa, njia ya maporomoko hukata mto, na msimu wa mvua maji hufika mapajani. Mama Pulchérie alijiona amepandisha kikwembe, kile kitenge cha kujifunga, katikati ya mto, na buko amesimama ng'ambo akimsubiri. Akaona heri afe. Akatangaza kwamba wataenda kileleni, kwenye jiwe. Watu wazima walipiga makofi, wakamsifu kwa kupenda maombi, naye akawaacha wamsifu. Kuhusu maji alikuwa amepima kila kitu. Kuhusu jiwe hakumwuliza mtu hata neno moja.

Siku yenyewe mvua ilinyesha alfajiri, kisha ikaacha. Walipanda wakiimba, Wilfried mbele kabisa, mama mkwe nyuma kabisa na kwaya nzima katikati yao, kama inavyotakiwa. Mashamba ya mihogo yakaisha, nyasi zikaisha, wakafika penye mawe matupu. Hapo ndipo Mama Pulchérie alipoona njia inavyoingia kileleni.

Haikuwa njia. Ulikuwa ufa katika mwamba, umesimama wima, bado unatiririka maji ya alfajiri. Kwa juu palikuwa na kibao cha jiwe cha kutosha mtu mmoja. Wilfried alisimama pale, akainama, akanyosha mkono, akaanza kuvuta watu mmoja mmoja. Kuna msemo wa mtu aliyeruka mkojo akakanyaga mavi. Rais wa kwaya hawezi kuutamka, lakini hakuna aliyemkataza kuufikiria.

Tania akavutwa. Marie akavutwa, akicheka kwa woga. Norbert wa sauti ya nne akavutwa na ngoma yake mgongoni. Mwisho akabaki yeye, peke yake chini, na huko juu kicheko kikakatika, maana wote walielewa kwa pamoja kilichokuwa mbele yao.

Norbert alijitolea kubadilishana na Wilfried. Alishuka kwenye kibao, mguu ukateleza, kokoto zikampita Mama Pulchérie na kuporomoka mtelemkoni, na hakusikia zikifika. Wilfried akamrudisha Norbert juu kwa kumshika kola. Marie akaomba kwa upole kwamba mama ashuke taratibu akawasubiri penye mihogo. Labda angekubali kama jiwe lingechaguliwa na mtu mwingine. Alikuwa na hofu, na alikuwa na kiburi, na kiburi kilizungumza kwanza. Alifungua kikwembe chake cha juu, akakisokota, akarusha ncha moja.

Wilfried alijizungushia ncha hiyo mkononi, akageuza uso upande wa ziwa kama mkwe mwenye adabu, akavuta. Mama Pulchérie akapanda. Hatua ya kwanza ikashika, na ya pili. Kwenye ya tatu sandali ilimtoka, miguu yote miwili ikabaki inatafuta jiwe, na uzito wake wote ukahamia kwenye kitambaa. Ndipo alipoona pindo linaachana, uzi baada ya uzi, kidogo juu ya mikono yake.

Waliokuwa juu hawakuweza kuona. Aliyeweza kuona alikuwa ametazama ziwa, kwa heshima. Mama Pulchérie alifungua kinywa na sauti ile iliyoshinda soko zima ikakwama, kwa sababu neno alilolihitaji hakuwahi kulitamka tangu siku ya arusi. Akilini alimwona Divine. Akaona bintiye anavaa kitambaa cha msiba kwa ajili ya adabu.

"Wilfried," alisema. "Wilfried, uniangalie. Kikwembe iko napasuka."

Kijana aligeuka, akamtazama machoni, akaachia kitambaa, akamdaka kifundo cha mkono. Alivuta mpaka wote wawili wakaanguka juu ya kilele.

Hawakuimba. Wilfried alikwenda kukaa mbali, uso magotini. Alimtuma Norbert aseme kwamba anaomba msamaha na kwamba mbuzi atamleta wiki hii. Mama Pulchérie alimsikiliza Norbert, huku akiangalia alama za kucha za yule kijana zilizobaki mkononi mwake. Aliogopa, aliona aibu, na chini ya aibu alikuwa na furaha kubwa ya kuwa hai ambayo hakujua aiweke wapi.

Mawingu yalianza kurudi kutoka upande wa Minembwe, ikabidi washuke. Na ukishapanda kwa ufa ule, huna pengine pa kushukia. Watu walishushwa mmoja mmoja, mpaka wakabaki wawili. Wilfried alikuwa amesimama kwenye kibao, uso ameugeuza tena, akifunga fundo mahali kikwembe kilipochanika.

Mama Pulchérie alimnyang'anya kile kitambaa, akakitupia begani, akanyosha mkono.

"Mbuzi ni yangu ya kutoa," alisema, "sababu ni mi nilianza kuita jina. Na hiyo moja iko ya kupanda na ya kushuka. Nishike, mutoto wangu, na safari hii uangalie."