Nyumba ya Kumtazamia Rafiki kutoka Mlimani

Nilikuwa na wivu. Kwa miaka mingi nilikana, nikaupa majina ya heshima: wasiwasi juu ya afya ya rafiki yangu, tahadhari ya mtu mzima, na mara moja, mbele ya watu kwenye harusi, niliuita uchambuzi. Ulikuwa wivu tu, ule wa kawaida, wa kumwona mwenzako amevaa kitenge ulichokiona wewe kwanza dukani.

Kitenge chenyewe kilikuwa maisha. Mimi ndiye niliyeandika makala, moja baada ya nyingine, kuhusu kuishi nje ya kuta: kutembea alfajiri, kuogelea, kula umekaa juu ya jiwe. Niliziandika Dodoma, feni ikinipepea, miguu imo kwenye beseni la maji. Rafiki yangu, niliyelala naye chumba kimoja chuo kikuu, alizisoma. Halafu akaacha kazi ya ofisini, akapanga nyumba Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akaanza kuziishi. Mtu aliyeogopa hata bwawa la chuo akawa ananitumia picha, nywele zimelowa, nyuma yake ziwa limetulia kama bati jipya. Chini ya kila picha aliandika: "Kama ulivyosema."

Kazi yangu iliporuhusiwa kufanyika popote penye mtandao, nilitangaza kwamba nami nahamia huko. Alifurahi kuliko nilivyotaka. Akaniahidi kunitafutia nyumba karibu naye. Nikamjibu kwamba nitazunguka kwanza, nina vigezo vyangu. Nilivitaja: maji, usalama, mtandao, njia za kutembea. Kigezo halisi sikukitaja. Nilitaka mahali ambapo yeye angejuta kwamba hakupaona kwanza.

Nilianzia Mbinga mjini. Mwenye nyumba alikuwa muuza vitambaa, mzee ambaye babu yake alitoka Kilwa na biashara yake akaishia hapo. Nyumba ilikuwa safi, nyuma ya duka, bomba uani. Aliniuliza ninapenda eneo la namna gani. Nilimweleza kwamba napenda kutembea, hasa kupanda vilima. Akaniuliza kama ni agizo la daktari. Nilipomjibu hapana, alinitazama kwa huruma, akanionyesha mahali bodaboda zinapoegeshwa.

Kisha nikateremka Lipingo kutafuta kasoro. Siwezi kulisema kwa lugha nyingine. Kasoro ya kwanza niliikuta mapema: njia ya wanawake wanaokwenda ziwani kuoga na kuosha vyombo ilikatiza katikati ya uwanja wa rafiki yangu. Nikafurahi, maana faragha hakuna. Lakini kila aliyepita alisimama. Walimtania kwa Kinyasa, naye akawajibu kwa Kinyasa, kibaya lakini cha kutosha kuwachekesha. Mmoja aliacha dagaa kwenye bakuli barazani bila kuaga, kama mtu anayerudisha kitu chake mahali pake. Mimi katika jengo langu la Dodoma jirani wa mlango wa pili namjua kwa harufu ya vitunguu vyake.

Jioni alinipeleka majini. Yeye aliingia moja kwa moja mpaka kichwa kikapotea. Mimi nilisimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, nimeshikilia khanga. Mama mmoja aliyekuwa akisugua sufuria kwa mchanga alinipima kwa macho, akamwuliza rafiki yangu alipoibuka:

"Ndiye huyu mwalimu wako wa kuogelea?"

"Ndiye," akasema rafiki yangu, kwa fahari.

"Basi mwambie maji hayaumi."

Sijui kuogelea. Hilo makala hazikulisema.

Usiku ule sikulala kwa kuitamani ile nyumba yake. Si ya jirani. Yake, na baraza lake, na njia ile katikati ya uwanja. Asubuhi nilimwambia joto la pale litamuua. Nikaongeza mbu, nikaongeza kungu, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Alinisikiliza, huku akila kitumbua cha kungu hao hao.

Nilipanda tena milimani, mpaka Maguu. Huko mama mmoja, mkulima wa kahawa, mjane, alikuwa anapangisha nyumba ya mwanawe aliyehamia mbali. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitembeza. Nyumba ilikuwa ndogo, imejificha kwenye mibuni. Nikaenda nyuma yake, na chini kabisa, mbali, nikaliona ziwa. Nikatafuta Lipingo kwa macho. Niliona doa jeupe ufukweni nikaamua kuwa ndipo. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kutoka hapa ningemtazama kwa juu, kila siku, nimejifunika blanketi.

Yule mama akanionyesha na kipande cha mteremko kinachoambatana na nyumba, mashimo ya ngoro, yale ya kulimia milimani, yamepangwa kama sega la nyuki. Aliniambia mpangaji hulima hapo. Ardhi iliyo mlangoni kwa mtu haiachwi ikaota majani, watu watasema. Nikatazama ule mteremko, nikaufikiria mgongo wangu, nikamwambia nitarudi na jibu.

Hata kabla sijafika barabarani nilimpigia rafiki yangu. Nilimmwagia sifa zote za ile nyumba: ukungu wa asubuhi, usingizi usio na mbu, maua ya kahawa yanayonukia mpaka kitandani. Jembe nililiita mazoezi ya viungo. Akaniuliza ni kwa nani, na ni Maguu sehemu gani. Niliyaonja maswali yake kama asali.

Kisha nikakaa kwenye nyumba ya wageni Mbinga, nikisema bado nalinganisha. Ukweli ni kwamba mlima niliutaka kwa ajili ya kuringa, na ziwa nililitaka kwa ajili ya kuishi, na sikujua namna ya kuomba la pili baada ya kulitukana. Nilikuwa nakunywa chai simu ilipoita.

"Shoga, umekaa?"

"Nimekaa."

"Ile nyumba ya Maguu nimeichukua."

Nikauliza nyumba gani, kana kwamba nilimtajia kumi.

"Ya yule mama. Nilipanda jana. Anasema hukurudi, anadhani jembe limekutisha. Nimemwambia mimi nitalima."

"Na Lipingo?"

"Si wewe uliyesema joto litaniua? Homa zimenichosha siku nyingi, mwaya, nilikuwa najikaza tu. Najiambia, mwenzangu ndiye aliyesema ziwani. Ulipotaja mlima, nikashukuru. Mimi huwa nakwenda unakosema. Hujawahi kunidanganya."

Chai ilikuwa imepoa. Niliinywa hivyo hivyo.

"Nyumba yangu usiikose," akaendelea. "Mwenye nyumba nimeshamwambia unaingia wewe. Na wale kina mama nimewaaga, nimewaambia mwalimu anakuja."

Nilitakiwa kufurahi. Nilikuwa nimepewa baraza, njia, na bakuli la dagaa. Badala yake nilisikia, wazi kabisa, harufu ya maua ya kahawa.

"Ukisimama nyuma ya nyumba pale Maguu," nikamwuliza, "Lipingo panaonekana?"

"Vizuri sana," akasema. "Nitakuwa nakutazama ukiogelea."