Maji Niliyamwaga Mie, Kosa Nikamtwisha Mbwa

Nilisema uongo. Si uongo wa kuficha sukari, wala ule wa kumwambia mwenye nyumba kuwa umeshiba. Nilimsingizia mbwa, na mbwa hana mdomo wa kujitetea. Basi nisikilizeni, kisha mnihukumu.

Mie ni bibi wa wajukuu tisa. Nakaa Temeke, kwenye nyumba yangu mwenyewe. Nilisoma chuo cha Kurani tu, na herufi hizi za Kizungu nimejifunza uzeeni, kwa hiyo nikikosea mtanivumilia. Kuomba radhi sikuzoea. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Huyu mwanamke hata kaburini ataingia kwa kujidai." Akicheka. Mie sasa sicheki.

Majina ya watu nimeyaficha. Wana heshima zao.

Ilikuwa kabla ya vita vya pili. Mwanangu wa kwanza alipata kazi ya serikali ya kuwadunga ng'ombe sindano, akahamishiwa Mpwapwa. Ni kamji kadogo, kamezungukwa na milima, na chini ya milima ile nchi imekauka kama kifuu. Mvua kwao ni mgeni wa mara moja kwa mwaka. Akatangulia na mkewe kujenga, akaniachia binti yake wa miaka sita. Na mbwa wake.

Mbwa yule aliitwa Kashata. Mtoto ndiye aliyempa jina hilo, kwa ile rangi yake ya sukari iliyoungua. Alilinda banda la kuku na mlango. Mbwa wa ulinzi hatukatazwi, lakini kwa sie tuliolelewa katika Uislamu wa pwani, mate yake ni najisi. Akilamba chombo, unakiosha mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Hilo nililijua kabla sijajua kusuka nywele.

Mwaka haujaisha, ikaja barua. "Mama, nyumba imekwisha. Niletee mwanangu. Na Kashata pia, huku fisi wananimalizia mbuzi."

Mie, nipande treni na mbwa! Siku ya safari nilipotoka na kamba mkononi, jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni pake, mkono kiunoni.

"Shoga! Leo umekuwa memsabu wa Kizungu? Bado kofia tu!"

"Nikiipata nitakuazima wewe uzibe huo mdomo," nikamjibu. Lakini moyoni niliungua. Palepale kamba nikampa mjukuu wangu, nikatangulia mbele hatua kumi, kana kwamba mbwa yule ni wa watu wengine.

Stesheni wakamtia Kashata kwenye behewa la mizigo. Mtoto akamlilia mpaka Morogoro.

"Unamlilia mbwa?" nikamwuliza. "Mie nikifa utalia hivyo?"

"Wewe hujafungwa kamba, Bibi."

Kesho yake asubuhi tukashuka Gulwe. Hapo ndipo watu wa Mpwapwa wanaposhukia, halafu wanapanda lori. Lori lenyewe likawa limeharibika. Karani wa stesheni akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mama. Ngojeni hapa mpaka kesho. Jua kali, na una mtoto."

"Marahaba. Kwani ni mbali?"

"Kwa miguu? Mtu mwenye nguvu zake atafika alasiri."

Mtu mwenye nguvu zake! Angesema neno lingine, pengine ningekaa. Nikajaza maji kibuyu changu, nikajitwika furushi, nikamshika mtoto mkono. Ndani ya furushi mlikuwa na bakuli la shaba la marehemu mama yangu. Nilikuwa nampelekea mke wa mwanangu, ili ajue ameolewa nyumba gani.

Nchi ile, jamani! Miiba, mawe mekundu, hewa inatetemeka kama juu ya sufuria. Hakuna mnazi, hakuna kivuli cha kuitwa kivuli. Milima unaiona mbele yako, unatembea, nayo imekaa palepale.

Saa nne hivi tukapumzika. Nikatoa bakuli, nikammiminia mtoto maji, nikageuka kufunga furushi. Ninageuka tena, naona bakuli liko chini na mbwa anakunywa!

"We mtoto! Una wazimu?"

"Ana kiu, Bibi. Tazama ulimi wake."

Mtoto alikwisha kulambwa mikono, mashavu, kila mahali. Mbwa akajitikisa, matone yakaruka mpaka kwenye buibui langu.

Hapo ndipo penye kosa langu, na nataka mlione vizuri. Wanawake wawili wenyeji walikuwa wanapita na kuni vichwani. Wakasimama kututazama. Lau wasingekuwepo, ningelifunga bakuli lile kwenye kitambaa, nikaenda kuliosha Mpwapwa. Lakini nilikuwa natazamwa! Nikataka waone watu wa pwani tulivyo wasafi.

Nikachukua udongo, nikasugua. "Moja!" nikasema kwa sauti, wasikie. Nikamimina maji. "Mbili!"

Mmoja wao akaniambia kwa Kiswahili cha kukwamakwama, "Bibi, maji hayo! Mbele hakuna maji. Visima vimekauka."

"Kila mtu na usafi wake, bibiye," nikamjibu, wala sikumtazama. "Tatu!"

Nilipomaliza bakuli nikaanza mikono ya mtoto. Kisha uso wake. Kisha buibui langu. Kila kitu mara saba. Nilipoinua kibuyu mara ya mwisho, lilidondoka tone moja tu, likanywewa na mchanga kabla sijalitamkia hesabu.

Wale wanawake wakatazamana. Mmoja akashika mdomo. Wakaenda zao.

Kwa hasira, na aibu ndani ya hasira, nikaokota jiwe nikampiga Kashata. Likampata mguu wa nyuma. Akalia, akachechemea kuingia vichakani.

"Bibi, atapotea!"

"Apotee!"

Saa sita mtoto akaanza kuomba maji. Saa saba akaacha kuomba. Nyie mliolea mnajua: mtoto anayelia ana nguvu bado, wa kumwogopa ni yule aliyenyamaza. Nikambeba mgongoni, nikatembea, nguvu zikaniisha. Nikamweka chini ya kichaka cha miiba. Midomo yake imepasuka, macho yamefunguka nusu. Nikaita watu. Nikaita mpaka sauti ikawa kama ya kuku aliyekabwa. Nani aje?

Nilikuwa na bakuli safi kuliko mabakuli yote ya Tanganyika, na ndani yake hamna kitu.

Nikasema, Ewe Mola, nichukue mie. Wala sikuwa najidai, wallahi.

Nikasikia kitu kinakwaruza majani. Kashata! Anachechemea mguu ule nilioupiga, na kifua chote kimelowa. Pua imejaa mchanga mbichi. Akamwendea mtoto, akamlamba midomo. Mie nikatazama tu. Kisha nikambeba mtoto, nikamfuata yule mbwa.

Alitupeleka kwenye korongo, mto uliokauka, mchanga mtupu. Katikati alikuwa amefukua shimo lenye kina cha mkono wangu. Chini yake maji yalikuwa yanajikusanya polepole, ya rangi ya chai ya maziwa. Nikachota kwa bakuli la mama yangu, nikamdondoshea mtoto mdomoni. Akameza. Akameza tena! Halafu nikainama mie mwenyewe, uso wangu huku, pua ya mbwa kule, shimo ni moja. Nikanywa. Sikuhesabu moja wala saba.

Jua lilipopungua makali tukaendelea. Tuliingia Mpwapwa alasiri imekwenda, mtoto yuko mgongoni, mwili wake unawaka homa. Mwanangu akatoka mbio. Mkewe akampokea mtoto, akamwona midomo, akapiga ukelele. Majirani wakajaa uani.

"Mama," mwanangu akaniuliza, "maji mlikuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo. Kibuyu kizima."

"Yalikwendaje?"

Mke wa mwanangu ananitazama. Majirani wananitazama. Bakuli la shaba liko mkononi mwangu, linang'aa. Niseme nini? Kwamba mie, mama mkwe, mtu mzima kutoka mjini, nimemwagia mchanga maji ya mtoto ili wabeba kuni wanione msafi?

Ulimi ukateleza wenyewe. Hapana, siusingizii ulimi pia. Nilichagua.

"Mbwa wako ameyamwaga," nikasema. "Alikirukia kibuyu."

Mwanangu alimpenda yule mbwa, alimlea tangu hajafumbua macho. Akamtazama mwanawe aliyelala kama nguo iliyotupwa. Akaenda ukutani, akachukua rungu, akamwita.

"Kashata. Njoo."

Akaja anatikisa mkia! Amechoka, anachechemea, anatikisa mkia.

Kutoka mlangoni mpaka nyuma ya zizi la mbuzi ni hatua kama ishirini. Nilizisikia zote. Kwenye kila hatua ningeweza kuita, "Mwanangu, rudi!" Maneno mawili tu. Kuhesabu najua, mlikwisha kuniona. Nilihesabu hatua za mwanangu mpaka zikaisha, na mdomo wangu sikuufungua.

Alilia mara moja tu.

Siku ya tatu homa ya mtoto ikashuka. Akafumbua macho, neno lake la kwanza likawa, "Kashata amekunywa?"

Baba yake akakaa kitandani. "Kashata hayupo tena. Alimwaga maji yenu, angekuua."

"Hakumwaga yeye, Baba. Bibi ndiye aliyemwaga. Alikuwa anaosha bakuli. Kashata ndiye aliyetuonyesha maji."

Mwanangu akanigeukia. Mlango Mungu alinifungulia tena, mara ya pili, wazi kabisa. Na mie nikasema, "Homa hiyo. Mtoto anaweweseka."

"Siweweseki!" mtoto akapiga kelele. "Bibi mwongo!"

Baba yake akamchapa kofi. Hakuwahi kumgusa maishani. "Mama yangu hasemi uongo," akamwambia. "Umesikia? Mama yangu hasemi uongo."

Mtoto hakulia. Alinitazama tu, mkono shavuni. Tangu siku ile hakupokea kitu mkononi mwangu, si chakula, si maji. Nilikaa kwao wiki tatu, nikarudi Temeke na kibuyu changu. Bakuli niliwaachia.

Baadaye nilimwuliza mwalimu wa chuoni, nikajifanya ni habari za mwanamke mwingine. Akatikisa kichwa. "Maji ya kunywa ya mtoto ayaoshee bakuli, na njia kavu iko mbele yake? Dini haikumtuma hivyo. Alitumwa na nani?"

Nikasema simjui.

Miaka imekwenda. Yule mtoto sasa ni mke wa mtu, anakaa Kinondoni, ana watoto wawili. Namtembelea kila Idi. Hanikosei adabu hata kidogo. Ananiamkia shikamoo, ananiwekea mkeka, anauliza habari za miguu yangu. Halafu anaingia ndani, anatoka na lile bakuli la shaba. Mama yake alimpa alipoolewa. Amelijaza maji mpaka ukingoni. Ananipa kwa mikono miwili, anasimama mbele yangu, anangoja.

"Kunywa, Bibi," ananiambia. "Limeoshwa."

Kila mwaka maneno hayohayo. Nami nakunywa yote, mpaka chini. Majirani zake wanasema, "Una bahati, bibi, mjukuu anakuheshimu!"

Idi iliyopita mwanawe mdogo aliingia na kitoto cha mbwa kifuani, amekiokota njiani. Nikaona mama yake amenigeukia mie, si mtoto. Ananitazama aone nitasema nini. Nikafungua mdomo ili nimwambie yote, nimwombe radhi. Nikasema, "Mpeni maji." Basi. Yeye akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Jamani, kiburi ni ugonjwa! Mie ni wa kufa leo au kesho, na bado neno moja linanishinda kutamka mbele ya mtoto niliyemwita mwongo.

Mnaonisoma, hasa nyie mama wakwe wenzangu mnaoogopa kuchekwa: mkikosea, semeni palepale uani, watu wakiwa wamejaa, hata mke wa mwanenu akiwepo. Aibu ya siku moja haiui mtu. Ile niliyoikimbia mie, bado nainywa kwenye bakuli. Wala msimfundishe mtoto kuwa mkubwa hakosei. Mtoto anaona. Mtoto anahesabu kuliko nyie.

Mwanangu amestaafu sasa, amerudi mjini, yuko hai. Gazeti hili hulinunua kila linapotoka, hulisoma barazani kwa sauti, wazee wenzake wakimsikiliza. Hata barua za wasomaji hazimpiti.

Jina langu nimelificha, na lake, na la binti yake. La mbwa sikulificha. Aliitwa Kashata, na hakumwaga maji.