Shati la Somo Yangu

Ipo Jumapili moja ya mavuno, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu hapa barazani Chiwata. Nilikuwa kijana, mwalimu wa vijana katika kanisa letu kule Newala, na nilikuwa nimelipiga shati langu jeupe pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama. Nilijua kwamba baada ya ibada mzee wa kanisa huwashukuru waliotumika mwaka mzima, nami sikutaka kushukuriwa na shati lililokunjamana.

Basi mzee akasimama. Akaishukuru kwaya. Akawashukuru akina mama waliopika, na hapo vigelegele. Akawashukuru waliochota maji, maana wakati ule maji tuliyafuata bondeni tukapanda nayo mlima, usione leo mnafungua bomba. Akamshukuru hata dereva wa trekta lililobeba mihogo na mbaazi, mtu ambaye kanisani haingii. Aliposema “na sasa,” mimi nikaanza kuinuka. Akamalizia, “na sasa tusimame kwa baraka.” Kanisa zima likasimama, kwa hiyo aibu yangu haikuonekana, lakini mwenyewe niliijua.

Iliniuma, mwanangu, nisikudanganye. Kesho yake nikaubeba mpira wa vijana, nikaenda nyumbani kwa padri kuurudisha. Padri alikuwa amekwenda Masasi. Kwetu mapadri huoa, basi nikamkuta mkewe, Mama Yohana, anapepeta mtama uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Mbona na mpira asubuhi yote hii?”

“Naurudisha. Kazi ya vijana mtafutieni mtu mwingine. Hapa hakuna anayeniona.”

Akaubonyeza ule mpira kwa kidole, ukabonyea. Akanitazama juu mpaka chini. “Mpira hauna upepo hata kidogo. Naona wote umehamia kwako.”

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Mama Yohana hakunihubiria. Aliniambia tu kwamba vijana wangu wako jandoni na wiki ile ile wanatoka, kwa hiyo nisubiri niwaage mwenyewe. “Wasirudi wakakuta umeondoka bila neno,” alisema. Nikakubali, nikamwachia mpira wake, nia yangu ikiwa palepale.

Kama umekulia mjini, nikueleze kidogo. Kwetu kijana akitoka jandoni huacha jina la utotoni na kuchukua jipya, mara nyingi la mjomba wake au la babu. Lile la zamani ukimwita tena ni tusi, unatozwa kuku. Ndiyo maana kijana ninayetaka kukusimulia silitaji jina lake la kwanza, ingawa nalijua vizuri. Kuku wangu nawahitaji. Na ya jandoni kwenyewe niyaache hukohuko.

Siku ya kutoka wakaletwa kanisani kwanza, wamenyolewa, wamepakwa mafuta, nguo mpya, macho chini. Padri akawabariki, kisha nje uwanjani kila mmoja akasimama kutaja jina lake. Ikafika zamu ya yule aliyekuwa mtundu kuliko wote katika kipindi changu. Mjomba wake alikuwa ameshajisogeza mbele na jogoo mkononi, tayari kusikia jina lake mwenyewe likitajwa.

“Naitwa Barnaba,” kijana akasema.

Mjomba akageuka huku na huku. “Barnaba yupi? Mbona ukoo wetu hauna Barnaba?”

“Mwalimu wa vijana. Nilipovunjika mguu alikuwa ananipitia nyumbani na baiskeli kila Jumamosi, nisikose kipindi. Hata mvua ikinyesha alikuja.”

Mwanangu, Barnaba ni mimi. Na habari ya ile baiskeli nilikuwa nimeisahau kabisa. Katika yote niliyotaka kushukuriwa, hiyo haikuwemo, kwa sababu nyumba yao ilikuwa njiani tu. Machozi yakanitoka mbele za watu.

Mjomba akanitazama, nami nikaogopa kwamba nimemwibia heshima yake. Kumbe anajizuia asicheke. “Haya, mwalimu, huyo sasa ni somo yako, jina lenu moja. Mwenye jina hutoa zawadi. Umemletea nini?”

Sikuwa na kitu. Nilikuja kuaga, sikuja kutoa. Akina mama wakaanza kupiga makofi wakiidai zawadi, wala hawakuwa na mzaha. Basi nikalivua shati langu jeupe, lilelile la mavuno, nikamvisha. Likamfika magotini. Nikabaki na fulana yenye matundu katikati ya uwanja wa kanisa, na shangwe niliyoikosa Jumapili ikanikuta hapo.

Mama Yohana akapita karibu yangu, mpira kwapani. “Huu nimeujaza,” akaninong’oneza. “Wewe je, upepo umekutoka?” Nikaupokea ule mpira. Kuaga nikasahau.

Sasa nakuambia wewe unayelea vijana wa kanisa na kudhani huonekani. Maumivu yako ni ya kweli, usiyafiche. Mwambie padri wako kwa adabu, utuambie na sisi wazee, maana kushukuru tunasahau kweli. Lakini usiwaache vijana kwa sababu jina lako halikutangazwa. Hujui nani kati yao ameshika nini kwako. Pengine mafundisho uliyoyaandaa kwa bidii yamempita, akabaki na ile siku ulipompitia nyumbani. Mungu aliyekuita aliiona siku hiyo. Basi na Jumamosi hii mpitie.

Somo yangu siku hizi ana wajukuu, anakaa Mkomaindo, na kanisani kwao ni mzee wa kanisa. Mavuno yaliyopita alinipigia simu, bado yuko nje ya kanisa, nasikia ngoma nyuma yake. “Shikamoo, somo,” akasema. “Leo nimewashukuru walimu wa vijana kwanza, kabla ya kwaya.”

Bwana akupe miguu isiyochoka, mwanangu, na moyo unaocheka upesi. Na siku moja akuletee somo wa kukuvua shati.