Uvimbe Usiosogea

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Nilianza kubeba magogo Elburgon bila viatu, shule nilikaa miaka miwili tu, na leo, miaka michache baada ya Uhuru, nina msumeno wangu wa injini. Mbao nazisoma kwa kidole. Fundo linalocheza ndani ya ubao ni baya: ubao ukikauka linadondoka, linaacha shimo. Fundo lililoshika ni zuri, hilo ni mti wenyewe.

Kwa hiyo mke wangu aliponiambia ana uvimbe kwenye titi, niliupima mwenyewe. Ulikuwa wa mviringo kama njegere, ukitoroka chini ya kidole. Nikaogopa, lakini sikuonyesha.

"Kivimbe hiki kinacheza," nikasema. "Kesho tunaenda Nakuru."

"Na hicho chako cha kifuani je, Baba Watoto?"

"Changu kimeshika. Tena mimi mwanamume, nitaugua titi la nini?"

Changu kilikuwa chini ya chuchu ya kushoto, kigumu, hakiumi, na chuchu ilikuwa imeanza kuzama ndani. Nilidhani ni kwa sababu ya magogo niliyoyakumbatia maisha yangu yote.

Tulishuka na lori la mbao, na ukungu wa milima ya Mau ukashuka nasi. Ziwa la Nakuru lilionekana kwa mbali, limetandazwa rangi ya waridi. Sikujua kama ni wale ndege heroe au bado nimelala. Daktari Mhindi alimpima mke wangu polepole, akatabasamu.

"Mama, huu unateleza, una mpaka wake. Mara nyingi hauna ubaya. Nitautoa kwa sindano ya ganzi, tuuangalie, urudi nyumbani."

Nikacheka kwa nguvu, nikachukua kofia.

"Kaa chini, mzee," mke wangu akasema. "Daktari, na huyu mtazame kifuani."

"Mama Watoto, unaniaibisha!"

"Vua shati, ama nikuvulie?"

Daktari akajaribu kuusogeza wangu. Haukusogea. Akapapasa kwapani.

"Wanaume pia wana titi, bwana. Ulio mgumu, ulioshika, unaovuta chuchu ndani, huo ndio ninaouogopa. Hauumi, ndiyo maana watu wanauacha mpaka unawazika."

Wiki ileile, kwenye meza ya upasuaji, nilifunikwa kitambaa usoni, chenye harufu tamu. Nikaona vumbi la mbao likinyesha juu ya ziwa, taratibu, bila sauti, na marehemu mama yangu akilifagia majini kwa ufagio wake wa nyumbani. Hakuniita. Nilikaa ukingoni nikimtazama, nikaona ni sawa tu.

Nilipoamka mke wangu alikuwa kando ya kitanda, anakunywa chai yangu.

"Wamelitoa titi?"

"Lote, na vijivimbe vya kwapani. Daktari anasema umewahi."

"Wengine hulia. Mimi sikulia."

"Ulilia, Baba Watoto. Ulikuwa umelala."

Uvimbe wa mke wangu ulikutwa hauna ubaya. Huu ni mwaka wa tatu, na kovu langu limelala bapa. Daktari hunipima makwapa yote mawili, na ameniambia hajawahi kukata kifua kigumu kama changu. Kisu, kitanda, dawa na nauli, nililipa taslimu: shilingi mia nne na kumi na tatu na senti hamsini.