Vigingi vya Kuze: nilivyomfungia mwenzetu njia kwa mwandiko wangu mwenyewe

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wasio wa dini yangu, hamjambo.

Humu mimi ni msomaji tu, miaka nenda miaka rudi, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naandika kwa sababu kifua kimejaa. Sitatia chumvi na sitajikosha. Palipo na aibu yangu mtaiona, na si haba.

Mimi ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Ni mwanamke wa miaka arubaini na kitu, nafanya kazi duka la dawa upande wa Makupa, na kazini naenda kwa baiskeli. Naam, na buibui langu. Nalipandisha, nalitia pini mbili, safari inaanza. Mwenye neno alimeze na maji, silo lililonileta.

Kichochoro chetu kinatoka Kuze kinakwenda kutokea Ndia Kuu. Waliokijenga walifikiria miguu ya watu na punda, basi. Sasa watu wa bodaboda wamegundua kwamba ni njia ya mkato. Wanaingia mbio, honi mkononi, kama wamechelewa swala ya Ijumaa. Na Ijumaa yenyewe hawaonekani msikitini.

Ukisikia honi unarukia baraza la nyumba yoyote iliyo karibu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Siku moja niliruka mimi, baiskeli ikabaki chini, gurudumu la mbele likakunjwa kama sambusa.

Lakini aliyekuwa akiumia zaidi si mimi. Ni Fundi Kazungu.

Fundi Kazungu hutengeneza vyerehani. Ana kilango chake pale Ndia Kuu, na hakuna mshonaji Mji wa Kale asiyemjua. Miguu yake ililemaa kwa polio tangu utotoni, kwa hivyo huendesha baiskeli ya mkono, ile ya magurudumu matatu: unakaa kitini, unazungusha pedali kwa mikono. Nyuma amechomelea sinia la chuma la kubebea vichwa vya vyerehani.

Anakaa Makupa. Kila asubuhi anakuja na barabara kubwa, sehemu nyingi kuna ukingo wa kupita. Ila karibu na Mji wa Kale barabara inabana, ni malori na tuktuk bega kwa bega, na hapo ndipo alipokuwa akijichomeka kichochoroni kwetu akavuta pumzi.

Sasa niambieni. Sisi tukisikia honi tunarukia baraza. Yeye arukie wapi?

Mara mbili alibanwa ukutani. Mara ya pili alichunika kiwiko, na kichwa cha cherehani cha mjane mmoja kikaenda mtaroni. Jioni ile akatuambia pale barazani tunapokunywa kahawa, taratibu kama desturi yake, kwamba kulalama tumelalama vya kutosha, sasa tuandike barua. Wazo lilikuwa lake, wakuu. Na sahihi ya kwanza kwenye barua ile ni yake. Hilo liwekeni akilini.

Tukawa watu tisa. Tukafungua group, tukajiita Pedali Taratibu, jina la mzaha likashika. Barua ikasema tunaomba njia salama ya baiskeli, na vigingi vya chuma pande zote mbili za kichochoro ili bodaboda zisiingie. Mimi, kwa kuwa nina ulimi wa kuongea, nikachaguliwa kuipeleka ofisini. Ofisi siitaji. Inahusika na barabara, yatosha.

Miezi miwili kimya.

Kisha nikapigiwa simu kazini, wateja wamejaa. Sauti ikanitaka nipeleke majina ya wahitaji, picha mbili mbili za pasipoti, na barua ya daktari kwa kila mmoja. Barua ya daktari ya nini? Badala ya jibu nikaulizwa, kwa upole kabisa, katika kikundi chetu wasioweza kutembea ni wangapi.

Kumbe barua yetu ilipelekwa meza ya watu wenye ulemavu. Mtu alisoma "baiskeli", akasoma "tunaomba", akakata shauri kwamba tunaomba kupewa baiskeli za walemavu. Kwa wasiojua, huku kwetu kile kiti cha magurudumu nacho huitwa baiskeli. Hii baiskeli, ile baiskeli, na barua yetu katikati imepotea miezi miwili.

Group lilicheka wiki nzima. Mimi sikucheka, kwa sababu nenda rudi zilikuwa zangu. Kila nikienda, mhusika katoka. Nikirudi, mhusika yuko mkutanoni. Nikirudi tena, rudi Jumanne. Mwenye duka akaanza kuniuliza kama nina mgonjwa.

Mwishowe nikaketi mbele ya karani mmoja, msichana mtulivu mwenye miwani. Akatoa fomu mpya, kwa sababu ile barua sasa ilikuwa na muhuri wa meza nyingine na haingeweza kurudi. Akaanza kujaza. Akafika pahali pameandikwa aina ya chombo. Akaniangalia.

"Baiskeli ya aina gani, dada? Ya walemavu?"

Wakuu, nilipandwa na mori. Miezi yote ile ilinijia kichwani kwa pamoja. Nikamwambia hapana, ya kawaida, ya magurudumu mawili, mbona hamsikii? Akaniuliza, bila kupandisha sauti, kama nina hakika hakuna ya namna nyingine inayopita pale.

Nikamnyang'anya kalamu. Nikaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: BAISKELI ZA MAGURUDUMU MAWILI. Nikapiga mstari chini. Nikapiga wa pili.

Nilitoka pale najiona jemadari. Nikasimulia kisa chote kwenye group kwa ujumbe wa sauti, na mbwembwe zote. Watu wakacheka, wakanisifu. Fundi Kazungu alituma dole gumba. Sijui kama alisikiliza mpaka mwisho.

Na vigingi, msiamini, vikaja. Vijana wa kazi walikuja na simenti na kanda ya kupimia, na karatasi mkononi. Wakauliza kama kuna baiskeli karibu ya kupimia nafasi. Nani akaenda mbio ndani kuleta yake? Mimi. Nikaipitisha baina ya alama zao, usukani ukapita vizuri, nikawaambia hapo hapo, msiongeze hata kidole.

Jioni tulikunywa kahawa na halwa barazani, vigingi vimepakwa nyekundu na nyeupe vinang'aa. Watu wakapiga picha wakaweka status. Fundi hakuwepo, alikuwa matangani kwao Kilifi wiki ile.

Akarudi Jumatatu.

Nilikuwa mlangoni natia pini buibui. Nikamwona akija na baiskeli yake, kichwa cha cherehani kwenye sinia kimefunikwa kanga. Gurudumu la mbele likaingia vizuri. Mawili ya nyuma yakagonga chuma, ting, kwa pamoja.

Akarudi nyuma kidogo. Akajaribu kwa pembe. Ting.

Wallahi nilitaka ardhi inimeze. Miezi yote ile, vikao vyote vile, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Mtu tunayekunywa naye kahawa. Mtu aliyeanzisha jambo.

"Kumbe vimekuja," akasema. Akaviangalia juu mpaka chini, kama anavyoangalia kazi ya fundi mwenziwe. "Haya, dada Maimuna. Siku njema."

Akaanza kugeuza, na kugeuza baiskeli ile mahali pembamba si kazi ya dakika moja. Kabla hajamaliza ikaja bodaboda. Yule kijana akakunja vioo vyake, akaingiza tumbo, akapita baina ya vigingi na abiria wake nyuma na kreti la soda mapajani.

Kwa sababu bodaboda nayo, wakuu, ina magurudumu mawili.

Nikarudi ofisini siku ile ile. Nilikwenda na maneno makali, nimeyapanga njia nzima. Karani akatoa faili, akaigeuza upande wangu, akaweka kidole kwenye zile herufi kubwa zenye mistari miwili.

"Mwandiko huu ni wako, dada?"

Ni wangu. Nikaambiwa kung'oa hata kigingi kimoja ni ombi jipya, fomu mpya, mpimaji mpya. Rudi Jumanne. Na safari hii sikuwa na wa kumlaumu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nyumbani nako sikupata pa kujificha. Mama yangu akasema si mlitaka vigingi, haya, vigingi hivyo, vitafuneni. Mwenye mkokoteni wa maji naye sasa anasimama nje anapiga kelele watu watoke na madumu, na kila akipiga kelele ananitazama mimi.

Kwenye group ndiko kulikonichosha zaidi. Mmoja akapendekeza Fundi awe anaiacha baiskeli nje ya vigingi halafu abebwe. Abebwe, kama gunia la mchele, kila siku, mtu mzima mwenye kazi yake. Nilimjibu maneno ambayo hapa siyarudii. Mwingine akaandika kwamba angalau tuktuk haziingii tena, na tusisumbue ofisi, "ni mmoja tu, sisi ni wengi."

Nilisoma ile nikalia, na mimi si mwepesi wa machozi.

Fundi alikuwa akizunguka na barabara kubwa kila siku, mpaka mwisho, pale panapobana. Halalamiki. Ukimuuliza anasema nimefika, alhamdulillahi, ingawa yeye ni Mkristo, ni mazoea ya kukaa nasi. Wiki ya tatu lori likamsukuma ukingoni, baiskeli ikapinduka. Hakuvunjika. Ila kifundo cha mkono wa kulia kiliteguka.

Mtu mwingine akiteguka mkono anatembea na kitambaa shingoni. Kwake yeye mkono ndio mguu, na ndio kazi. Kilango cha Ndia Kuu kikafungwa. Washonaji wakawa wananiuliza mimi Fundi yuko wapi, eti kwa kuwa tuko group moja.

Jumapili nikachukua fomu mpya nikaenda kwake Makupa. Mkono umefungwa bendeji, vichwa vya vyerehani vimepangwa sakafuni vinamngoja. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba radhi. Nikaomba, yote, mpaka habari ya kumnyang'anya karani kalamu. Akaniacha nimalize. Hakuniambia si kitu, na nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu ni kitu.

Nikampa fomu na kalamu.

"Kalamu shika wewe, mimi mkono ndio huu," akasema. "Lakini maneno safari hii nitasema mimi."

Tukajaza. Tulipofika aina ya chombo akaniambia niache hapo kwanza. Akanielekeza kwenye droo ya cherehani moja kuukuu, ndani kuna utepe wa kupimia nguo. Nikatoka nje nikaipima baiskeli yake, kutoka gurudumu la nyuma la kulia mpaka la kushoto, na vile vyuma vinavyotokeza. Nikarudi nikamsomea inchi, akanambia niandike hivyo hivyo. Nikaandika. Nikafunika kalamu.

"Bado," akasema. "Na yako ina upana gani? Iandike na yako. Nisije nikakusahau."

Hakusema kwa kejeli, wakuu. Afadhali angesema kwa kejeli, ningejua la kujibu.

Upana wa usukani wangu nilikuwa nao kichwani, kwa inchi, tangu siku ya simenti. Wake ndiyo kwanza nilikuwa nimeupima siku ile, na namjua miaka kumi na moja.

Fomu nimeipeleka. Nimeambiwa nirudi Jumanne. Vigingi vingali vimesimama, rangi imeanza kuchunika pale magurudumu ya Fundi yalipogonga, na bodaboda zinapita.

Nililojifunza ni dogo na limenigharimu. Ukitumwa na watu kwenda kuwaombea njia, ukaulizwa swali lililokuchosha, usijibu kwa hasira za safari zako. Rudi barazani uhesabu nani ameketi pale, na kila mmoja huja na nini.

Sasa nawaomba. Walioko miji mingine mliofanikiwa kuzuia bodaboda bila kumzuia mtu wa magurudumu matatu, mlifanyaje? Kigingi kimoja cha kufungua na kufunga? Tuta? Kuvipanga kwa pembe? Nisaidieni kabla ya Jumanne. Wanaotaka kunisuta nao karibuni, mkeka nimeshautandika, nastahili.

Ila anayetaka kuniandikia kwamba ni mmoja tu, ajue kwamba huyo mmoja ndiye sahihi ya kwanza.