Koti Jeupe la Mzee Ubeid

Mzee Ubeid alikuwa na neno moja la chakulani, na neno lenyewe ni "Ondoa." Hakuwahi kusema samaki huyu mtamu, wala leo nazi imekolea, wala Mungu akuweke. Aliketi mkekani, akaletewa maji ya kunawa, akala, na akishashiba aliisukuma sahani kwa kidole kimoja kama asukumaye paka, akasema ondoa. Mashavu aliondoa. Aliondoa tangu alipoletwa Garsen akiwa bibi arusi kutoka Kipini, akaondoa hadi mume akastaafu, hadi watoto wakatoka mmoja mmoja na nyumba ikabaki na watu wawili na sahani zao. Ukimwuliza Mashavu maisha yake yamekwendaje, atakujibu kwamba ameondoa sahani.

Na huyo mume aliyestaafu, usije ukadhani alikuwa waziri. Alikuwa mweka stoo wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuwagawia wakulima wa vijiji vya Wema na Golbanti majembe, na kuwafokea wakiyarudisha yamevunjika mipini. Lakini alivaa koti. Joto la Garsen linafanya mbuzi waheme chini ya malori, na yeye yumo ndani ya koti, jasho linamchuruzika hadi kwenye soksi. Kazi ilipokwisha, koti halikustaafu. Wenziwe wa kibarazani pa msikiti walimwita Bwana Koti, naye akapokea jina hilo kama cheo.

Kitinda mimba wao, Ishaq, alipomaliza shule alipata kazi kwenye hoteli moja ya Minjila, pale mabasi yanaposimama ili abiria wale. Kijana alikuwa na mikono myepesi, anabeba chai nne kwa mkono mmoja bila kumwaga tone. Babake alipopata habari alikwenda na koti lake, akamshika Ishaq kola mbele ya wateja, akamtoa nje kama mwizi wa kuku. "Ukoo wetu haubebi sahani," alimwambia walipofika nyumbani. Mashavu aliyasikia maneno hayo akipita mlangoni na sahani ya huyo mwenye ukoo mkononi.

Ishaq akaenda Mombasa, na kutoka Mombasa akapata kazi kwenye meli ya watalii, zile kubwa zinazozunguka na watu wasiokwenda popote. Babake aliambiwa tu kwamba kijana yuko melini. Yaliyobaki Mzee aliyajaza mwenyewe, na kwa wiki moja Garsen nzima ikajua kwamba mwana wa Ubeid ni afisa wa meli. Mamake alipigiwa simu akaambiwa ukweli.

"Mama, mimi ni weita. Nabeba sahani. Usimwambie Baba."

"Unakula vizuri?"

"Nakula vizuri."

"Basi hayo mengine ni yake," alisema Mashavu, na ahadi akaiweka.

Baadaye ikaja picha kwenye simu. Ishaq amesimama wima, koti jeupe lisilo hata chembe ya vumbi, suruali nyeusi, na shingoni tai nyeusi ya kipepeo. Mzee Ubeid alimnyang'anya mkewe simu akaizungusha kibarazani hadi chaji ikaisha. "Hayo ndiyo mavazi ya uafisa," aliwaambia.

Mwaka huu ikatokea kwamba kampuni humruhusu mfanyakazi kuwaleta wazazi wake safari moja, na meli ilikuwa inakuja Mombasa, iende Unguja na Shelisheli, kisha irudi. Ishaq alitaka sana mamake apumzike. Lakini alipopiga simu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemeza mwiba.

"Mama, kuna usiku mmoja watu huvaa rasmi, wanakula kwenye ukumbi wa chini. Usiku ule niko zamu humo. Lakini si lazima. Asiyetaka kujipamba anakula juu, anajipakulia mwenyewe, hata na kaptula. Mpeleke Baba juu. Akiniona na sahani, atanishika kola tena, na safari hii mbele ya dunia nzima. Na kazi itakwenda."

"Nitampeleka juu," alisema Mashavu.

Ni ahadi rahisi ukiitoa, lakini Mzee Ubeid alipolisikia neno rasmi macho yalimng'aa kama mtoto aliyeonyeshwa halua. Aliishi maisha yake yote akiwa amevaa kwa ajili ya mwaliko huo, nao haukuwahi kuja. Mashavu akaanza kazi ya kumshusha.

"Mtu akila, hukunja mikono ya kanzu," alimwambia. "Hulegeza kikoi. Wewe shingo unaifunga kamba, kisha wali upite wapi?"

"Ndio ustaarabu."

"Huko juu kuna upepo. Watu wanakula na kaptula."

"Sisi si watu wa kaptula," alijibu Mzee, na kwa dharau aliyolitamka neno hilo ungesema amekanyaga kinyesi. "Mzazi wa afisa hawezi kuonekana amejipakulia wali kama yuko foleni ya msaada."

Mashavu alimtazama, akasonya kimoyomoyo. Mwanamume ambaye hajawahi kujipakulia hata maji ya mtungini alikuwa anaogopa kuaibishwa na mwiko.

Mzee hakuishia hapo. Alichukua simu ile yenye picha akaenda kwa Kaviha, fundi wa cherehani pale sokoni, Mashavu akimfuata nyuma.

"Nishonee hii. Hivi hivi, usibadilishe hata kifungo."

Kaviha aliipanua picha kwa vidole. "Mzee, hii naweza. Lakini hii nguo ni ya watu gani?"

"Ya maafisa."

Fundi alimtazama Mashavu. Mashavu aliona yote pale pale: koti jeupe, tai ya kipepeo, na mumewe akiingia ukumbini amevaa sare ya watumishi. Angeweza kusema neno moja. Lakini alikuwa ameahidi, na isitoshe, tusimtakase Mashavu, kitu fulani kilimtekenya tumboni, kitamu kama embe la kuiba. Akageuka akatazama vitambaa. Kwa hesabu yake Mzee angekula juu tu, na koti lingerudi Garsen kuliwa na nondo.

Melini Mashavu hakuona cha kumstaajabisha ila wingi wa chakula kinachotupwa. Wazee wazima walilala juani nusu uchi hadi wakawa wekundu kama kaa wa kuchemsha, wakainuka, wakala, wakalala tena. Mtu akijaza sahani mlima mzima, anadonoa kilele na kwenda zake. Mzee Ubeid alipita katikati yao mikono nyuma, akikagua kama anayehesabu majembe. Ishaq alikuja kuwaamkia asubuhi na shati la kawaida, akakaa kidogo, akasema ana kazi chini. "Maafisa hawana muda," babake alisema akitikisa kichwa kwa raha.

Jioni ya usiku wenyewe, Mashavu alijaribu la mwisho. Alishika tumbo akasema linamkata, twende juu nikanywe supu.

"Kaa na tumbo lako," alisema Mzee mbele ya kioo, anapigana na kipepeo cha shingoni. "Mimi nashuka."

Basi tumbo likapona. Hakuwa tayari kumwacha mtu huyu amfikie mwanawe peke yake. Akavaa buibui lake, akajifunga mtandio vizuri.

"Utakwenda na hilo? Wamesema rasmi."

"Hili nimekwenda nalo harusini na matangani. Samaki gani atalikataa?"

Mzee aliinua kidevu. Miwani yake, iliyofungwa uzi upande mmoja, aliiacha kitandani, maana miwani ya uzi si rasmi. Bila miwani hiyo Mzee Ubeid haoni zaidi ya pua yake, ingawa kwa kweli hata akiwa nayo hakuona mbali sana.

Mlangoni kijana wa mapokezi alimwinamia Mashavu kwa heshima. Alipomtazama Mzee alisita, akaonyesha kwa mkono mlango mwingine wa pembeni. Mashavu akamshika mumewe kiwiko akampitisha. Ndani kulikuwa na mataa, wanaume wa suti nyeusi, wanawake wa mabega wazi, na kati ya meza zote watu wa makoti meupe wakipishana.

"Maafisa ni wengi," Mzee alisema kwa kuridhika.

Mashavu alimwona Ishaq mwisho wa ukumbi, sinia begani. Ishaq naye akawaona. Kijana alimtazama mamake, akalitazama koti la babake, na uso ukamshuka. Mashavu akaketi haraka akamvuta Mzee aketi. Kikaletwa kipande cha samaki kisichomtosha paka, kimechorewa mchuzi kama hina.

Mzee hakukaa sana. Alisema si adabu kukaa bila kuwasalimu wakubwa wa mwanawe. Kabla Mashavu hajamshika pindo alikuwa amesimama katikati ya meza, kifua mbele, mikono nyuma, anatafuta nyota za bega kwa macho yasiyoona.

Meza ya karibu alikaa mama mmoja wa Kizungu, mkufu shingoni, anasimulia jambo la kuchekesha. Bila kukatiza hadithi yake, aliinua sahani yenye mifupa ya samaki na kitambaa chenye rangi ya midomo, akampachika Mzee Ubeid kifuani. Akatamka neno la Kizungu. Kiingereza cha Mzee kilikuwa cha stoo tu, lakini neno hilo alilielewa. Lilikuwa ni ondoa.

Hakumtazama hata usoni. Ndivyo neno hilo linavyosemwa, Mashavu alilijua vizuri kuliko mtu yeyote ndani ya meli ile. Msemaji hatazami. Kile kicheko alichokitunza tangu kwa Kaviha kilimpanda hadi kooni, kikakwama hapo. Alimwona mzee wa watu amesimama na mifupa ya wenyewe mkononi, akamwonea huruma na akajichukia kwa kumwonea huruma.

Ishaq akaja. Alitua sinia lake akapita kati ya viti.

"Baba, nipe mimi."

Mzee Ubeid alisogeza uso karibu, karibu sana, hadi akamtambua mwanawe. Kisha akatazama chini. Aliishika kola ya Ishaq kwa mkono uliokuwa mtupu, na Mashavu akainuka kwenye kiti. Alikuwa ameshaamua. Mzee akimvuta tu mtoto, yeye Mashavu atamvua mumewe koti hilo mbele ya watu, kifua chake cha mifupa kibaki wazi. Lakini Mzee hakuvuta. Aliisugua kola ile kwa vidole, kisha akaisugua ya kwake. Kitambaa ni kimoja.

"Ni wewe unayebeba hizi?"

"Ndiyo, Baba."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mzee aliitazama ile mifupa. "Jikoni ni wapi?" akauliza.

"Baba, kaa, nitaipeleka."

"Nimepewa mimi. Nimeuliza jikoni ni wapi."

Ishaq alimwonyesha kwa kidevu mlango unaopepea. Wakaenda wote wawili, mtoto amelibeba tena sinia lake, baba na sahani moja ameishika kwa mikono miwili kama anayebeba maji ya moto. Mashavu alifurahi. Alifurahi kwa ajili ya mwanawe hadi macho yakamlowa, maana kazi ilikuwa imenusurika na kola imesalimika. Kisha, alipokuwa akijifuta kwa ncha ya mtandio, furaha ikageuka pilipili. Mume wake amebeba sahani. Amembebea mwanamke asiyemjua jina, aliyempachika mifupa bila kumtazama.

Walirudi Garsen. Kibarazani walimwuliza habari za afisa, na Mashavu, aliyekuwa akipita na kikapu chake cha soko, alipunguza mwendo asikie.

"Mwanangu si afisa, ni weita," alisema Mzee Ubeid. Hakuwa na koti. "Anabeba sahani. Nami nilibeba. Msiidharau kazi ile, jamani, sahani zao ni nzito."

Kwa mtu kama yule yalikuwa maneno makubwa, na Mashavu hakumnyima haki yake. Lakini alifika nyumbani akiyatafuna. Sahani zao ni nzito. Za kwake, tuseme, zilikuwa za manyoya.

Mchana alimpikia wali na kamongo wa nazi. Mzee alinawa, akala, akashiba. Kidole kikaisukuma sahani, na neno likatoka lenyewe kwa mazoea ya miaka.

"Ondoa."

Mashavu hakuinuka. Alikuwa amekaa mbele yake, na safari hii alimkazia macho.

"Ondoa wewe."

Mzee Ubeid alimtazama mkewe, akaitazama sahani, akaiokota kwa mikono miwili. Alitoka nayo uani. Mashavu alimsikia akienda upande wa banda la kuku, akasimama, akarudi upande wa choo, akasimama tena.

"Mama Ishaq," aliita kutoka nje. "Jiko li wapi?"

Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, pale lilipokuwa tangu siku fundi wao alipolijenga, moshi bado unalitoka. Mashavu aliuvuta mto, akajinyoosha mkekani, akafumba macho. Melini alionyeshwa njia. Hapa atafute.