Asubuhi Niliyomshikia Kamba Mama Achieng

Hili ninalokusimulia lilinipata mimi mwenyewe, sikulisikia kwa mtu. Sikuwa na homa, sikuwa nimelewa, wala sikuwa usingizini. Nilikuwa nimesimama katikati ya kiwanja changu kule Kisian, jua limeshachomoza, simu mkono mmoja na kamba mkono mwingine. Mwisho wa kamba ile alikuwa farasi, na juu ya farasi alikuwa ameketi mwanamke aliyefariki jana yake. Cheka ukitaka. Hata mimi ningecheka.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yangu, maana wengi hapa Kisumu hawaijui. Nafundisha watu kupanda farasi. Baba alikuwa saisi, akitunza farasi wa watu huko Naivasha, nami nililelewa mabandani zaidi kuliko nyumbani. Nilipokua nikajifunza ule mchezo wa madaha, farasi anakwenda kama anayecheza dansi. Anavuka kiwanja kwa ubavu, anazunguka palepale aliposimama, anainua miguu polepole kana kwamba anaelea, na wewe uliye juu yake huonekani ukifanya lolote. Nimeshindana, nimeshinda mara kadhaa, nimeanguka mara nyingi zaidi. Kisha nikarudi nyumbani ziwani, nikaanza kuzalisha farasi wangu mwenyewe. Siku za kazi nawapakia kwenye lori, naenda kufundisha Awasi, Kericho, popote ninapoitwa. Jumapili nawapeleka Dunga, watembee majini wapoze miguu.

Huko Dunga ndiko nilikojuana na Mama Achieng. Aliuza samaki pale ufukweni, mama mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye katikati ya ziwa. Mara ya kwanza alipomwona Silwal, farasi wangu wa kahawia, aliacha samaki wake juu ya meza, akaja moja kwa moja na mikono yenye magamba, akamshika pua. Sasa, Silwal ni mwoga. Anaogopa mwavuli, anaogopa mfuko wa plastiki, anaogopa hata kivuli chake mwenyewe. Lakini alitulia.

"Mimi nitampanda huyu," akasema.

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo kila nikifika Dunga ananiuliza, "Mwalimu, lini?" Nikamwambia akae juu ya mtumbwi uliopinduliwa nimwone. Akakaa. Niamini, nimewafundisha watoto wa matajiri miaka na miaka kukaa vile na hawajaweza. Mgongo wima, shingo imetulia, mabega yameshuka. Alikuwa amebeba karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani tangu utotoni, mwili ulishajua.

Aliyekataa ni bintiye, Achieng, mwenye saluni mjini. "Mama, na presha hiyo? Ukianguka niwaambie nini watu?" Wakabishana mbele yangu, mama akarudi kwenye samaki wake. Halafu presha kweli ikampanda, akalazwa. Nilipoenda kumwona wodini alinishika mkono. "Nikitoka hapa naja kwako. Hata Achieng akatae." Nikamwambia njoo, Mama, Silwal yupo.

Basi asubuhi hiyo ukungu wa ziwani ulikuwa bado umelala kwenye majani. Nilikuwa nimeshamtandika Silwal, nataka kumfanyisha mazoezi, nikaona mtu anaingia langoni kwa miguu. Kitenge, kitambaa kichwani. Mama Achieng.

"Oyawore, Mwalimu."

"Oyawore, Mama! Wamekuruhusu lini?"

"Nimetoka," akasema. Hivyo tu.

"Achieng anajua uko hapa?"

"Atajua."

Niliona kitu? Niliona, lakini akili ya asubuhi haijumlishi haraka. Niliona umande umeilowesha suruali yangu hadi magotini, na kitenge chake ni kikavu. Niliona pia kwamba nilipomwekea viganja akanyage apande, nilijiandaa kwa uzito wa mama yule ninayemjua, nikajikuta kama ninayeinua koti. Nikajisemea, ugonjwa umemkausha, maskini. Silwal akashusha shingo, akatoa pumzi ndefu, akaanza kutafunatafuna mdomo mtupu. Farasi hufanya hivyo akiwa ametua kabisa moyo.

Nikamfunga ile kamba ndefu ya kufundishia, nikasimama katikati, wao wakaanza kunizunguka. Mama Achieng alikuwa ameshikilia tandiko kwa mikono miwili, anapumua kwa hofu kama mwanafunzi yeyote.

Simu ikalia. Ni Achieng.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mama ametuacha. Jana jioni. Nimeona nikwambie mapema, kwa sababu alikuwa anakutaja. Wewe na huyo farasi."

Nikainua macho. Mama Achieng alikuwa anapita mbele yangu, kitambaa chake cha kichwa kikicheza kidogo kwa upepo.

Nakumbuka Achieng akiuliza, "Mwalimu, uko?" halafu simu ikakatika, au nikaikata. Nilitaka kuitupa kamba nikimbie hadi barabara ya Busia, nimwache farasi, niache nyumba, niache kila kitu. Vidole vilikuwa vimeshaanza kulegea.

Na yeye akaona. Akanitazama kutoka juu kule na uso ninaoujua, uso wa kila mtu wa siku ya kwanza, anayeogopa kwamba mwalimu atageuka aende zake.

"Mwalimu," akasema, "usiniache hapa katikati."

Wewe ungefanyaje? Mimi ni mwalimu, sina kazi nyingine. Nikaishika kamba upya. Nikasikia sauti yangu inatoka, na haikuwa imara, lakini ilitoka.

"Mgongo, Mama. Usiangalie chini. Angalia mbele ya masikio yake. Achia tandiko, mkono mmoja kwanza."

Akaachia mmoja. Akaachia wa pili. Akakaa kama alivyokaa juu ya ule mtumbwi. Nikamwambia Silwal akimbie kidogo, na Mama Achieng akarushwa juu ya tandiko mara mbili tatu, akashika mdundo, akaanza kucheka. Yawa! Kicheko kile! Hakikuwa na kaburi ndani yake. Nami, huku machozi yananitoka, nikajikuta nacheka naye.

Tulipopumzika akauliza, "Aliyepiga ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mwambie sikumkasirikia. Alikuwa ananipenda kwa kuniogopea. Na mwambie nimepanda, nimekaa vizuri. Wewe umeona?"

"Nimeona, Mama."

"Basi nifungulie kamba."

Mimi sikuwa nimewahi kumfungulia mtu kamba siku ya kwanza. Ni hatari, ni mwiko kwangu. Hata hivyo nilimwendea Silwal, nikapitisha mkono chini ya kidevu chake, nikaifungua. Nilipourudisha, mkono wangu ulipita karibu na goti la Mama na nilihisi ubaridi kama wa maji ya ziwa yale ya chini kabisa.

"Ero kamano, nyathina," akanishukuru, akaniita mwanawe. "Usinifuate."

Wakaondoka kuelekea ziwani. Na Silwal, niamini, alianza kuinua miguu kwa ile hatua ya kuelea, hatua niliyomfundisha kwa jasho bila kuipata hata siku moja. Aliipiga sawasawa, polepole, kimya, mama yule amekaa wima juu yake. Sijaona kitu kizuri kama kile. Nikaanza kuwafuata. Sikukata shauri, miguu ilijiendea tu, na moyoni nilikuwa na utamu, sina hofu hata chembe. Nilikuwa nimeshafika kwenye matope, karibu na mafunjo, Silwal alipogeuka akarudi mbio, tandiko tupu, akasimama akinizibia njia. Nilipojaribu kumzunguka akanisukuma kifuani kwa kichwa. Farasi mwoga yule! Akanirudisha nyuma mpaka nikakanyaga pakavu.

Mchana nilienda Dunga, nyumbani kwa Mama Achieng. Wanawake walikuwa wanapika nyuma ya nyumba, wanaume wanafunga turubai. Nikamvuta Achieng kando nikamweleza yote, nikingoja anifukuze. Hakunifukuza. Alisikiliza ameshika mdomo, kisha akauliza swali moja tu.

"Aliogopa?"

"Mwanzoni. Halafu alicheka."

"Alicheka vipi?"

Nikajaribu kukiiga kicheko kile, vibaya, na Achieng akaniangukia begani akalia, na ndani ya kilio akacheka, na nilikisikia tena kwake, kilekile.

Mchungaji wetu alikuja akaombea kiwanja. Alipomaliza akaomba ruhusa amshike Silwal pua. Silwal mwenyewe hajairudia hatua ile, hata nimbembeleze namna gani. Na kiganja changu hiki kilichopita karibu na goti la Mama Achieng hakijawahi kupata joto tena. Hata nikikishikia kikombe cha chai, kinabaki baridi. Nimezoea. Achieng huja siku moja moja asubuhi. Hapandi, anampiga Silwal brashi tu, anaongea naye Kijaluo, nami nawaacha.

Kwa hiyo nisikilize. Ikitokea siku akakujia mtu ambaye umande haumloweshi, akakuomba kitu kidogo ulichomwahidi, usipige kelele, usikimbie. Mpe. Kaa naye mpaka mwisho. Lakini akisema inatosha, mwache aende, nawe simama hapohapo. Usipige hata hatua moja nyuma yake. Nakuonya kwa sababu najua utataka kwenda, na hutasikia woga wowote.